Kabla Hatujaipanda Milima ya Amani



Ndugu msomaji, wiki mbili zilizopita nilidokeza katika safu hii kwamba madrasa yetu hapa Tanga inajiandaa kuwapeleka watoto na wazazi wao katika safari ya siku moja wakati wa likizo ya mwezi wa Juni. Tangu siku hiyo sijapumzika. Wazazi hunisimamisha mlangoni mwa msikiti baada ya sala, na wengine hunipigia simu usiku. Maswali yao ni manne: tunakwenda wapi, kwa shilingi ngapi, tutarudi saa ngapi, na huko kuna nini cha kutazamwa. Matatu ya mwanzo ni ya kalamu na karatasi. Hilo la nne nililidhani jepesi kuliko yote, kumbe ndilo lililotaka kuivunja safari yenyewe.

Tunakwenda Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, ikawa ya kwanza ya aina yake katika Tanzania, na eneo lake linazidi hekta 8,000. Milima hiyo ni sehemu ya ile inayoitwa Tao la Mashariki, safu ya milima mikongwe inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Kwa kuwa misitu yake imekaa kwa dahari kama visiwa, mbali na misitu mingine, humo wamo wadudu, vyura, vinyonga na mimea isiyopatikana penginepo duniani.

Nilipoyasoma hayo mbele ya wanafunzi, mtoto mmoja wa darasa la tatu alinyoosha mkono akauliza, "Ustadhi, kuna simba?" Nikamjibu kwamba hakuna simba, wala tembo, wala twiga. Nyuso zilinywea. Ni haki yao kuujua ukweli kabla ya kupanda gari, kwani mwenye kwenda Amani kwa kutaraji simba atarudi amenuna. Huko wapo mbega weusi wenye mikia mirefu, na kima. Yupo perere, mnyama mdogo wa mitini ambaye sauti yake usiku humtia hofu mgeni. Wapo hondohondo ambao mlio wa mbawa zao husikika kabla hawajaonekana. Yupo ndege mdogo wa jamii ya chozi aliyepewa jina la Amani. Na lipo ua dogo la zambarau linalomea kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mtawala wa eneo hili la Tanga alipeleka mbegu za ua hilo kwa baba yake huko Ujerumani, na leo liko madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, kwa watu ambao wengi wao hawajapata kulisikia jina la Usambara.

Tena ipo bustani ya miti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Walileta miche kutoka pembe nyingi za dunia ili waijaribu katika ardhi yetu: mikwinini, mipira, kahawa na viungo. Baadaye majengo ya pale yakawa makao ya utafiti wa malaria. Bondeni, mahali paitwapo Sigi, ilifika reli nyembamba ya wakati huo, na ile nyumba ya zamani ya stesheni ndipo wageni wanapopokewa leo. Na kote kuizunguka hifadhi, kwenye miteremko, wanaishi wakulima wa iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, wakipakana na mashamba makubwa ya chai.

Niliyaandika hayo yote katika ukurasa mmoja, nikauwasilisha kwenye kikao cha kamati baada ya sala ya Isha. Wajumbe waliusoma wakaafiki. Mmoja tu hakusema kitu, mzee wetu mmoja mwenye umri wa kunizaa, mtu ambaye kwa miaka niliyokuwa katibu sijamwona akipinga jambo la heri. Mwenyekiti alipomtaka rai, alivua miwani yake.

"Katibu, mwanangu," alisema, "umeandika vizuri. Umeandika mbega, umeandika hondohondo, umeandika na Wajerumani. Watu hukuwaandika."

"Wakulima nimewataja, mzee wangu."

"Umewataja kwa mazao yao. Mimi nimezaliwa huko. Iliki ya baba yangu ilikuwa chini ya miti hiyo mnayokwenda kuitazama. Iliki ile ndiyo iliyonisomesha, na ndiyo iliyoezeka bati nyumba ya mama yangu. Leo mwataka nitoe kiingilio nikalitazame shamba la baba yangu? Nendeni kwa heri. Mimi sitakwenda, na wajukuu zangu hawatakwenda."

Kikao kilinyamaza. Mwenyekiti akasoma dua, tukaondoka.

Ndugu msomaji, ningeweza kumwacha mzee na hasira yake, safari ikaendelea bila yake. Kura zilikuwa zikitosha. Lakini watoto wake na wajukuu zake ni sehemu ya jamaa zetu, na neno alilolisema lilikuwa kweli. Nikaona kwamba kupanga safari si kuhesabu viti peke yake. Mwenye kukusanya watu awapeleke mahali ana wajibu wa kupajua mahali hapo, pamoja na waliopapoteza. Nikatumia wiki nzima kuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Iliki haipendi jua kali. Hutaka kivuli, unyevu na udongo wenye rutuba ya majani yaliyooza, na vyote hivyo vimo ndani ya msitu wa milimani. Kwa hiyo mkulima wa iliki hakuwa na haja ya kukata miti mikubwa, kwani ile ilikuwa mwavuli wake. Alichokifyeka ni kilichokuwa chini: vichaka na miche ya miti. Mtu akitazama kwa mbali angeuona msitu umesimama vilevile. Lakini chini yake hapakuwa na mti mchanga hata mmoja unaokua kushika nafasi ya mkubwa atakapoanguka. Na iliki yenyewe haidumu. Baada ya miaka kadhaa ardhi huchoka, mavuno hupungua, mkulima husogea mbele, na pale alipotoka mara nyingi hupandwa mazao ya kutaka jua. Hapo ndipo na ile miti mikubwa hukatwa.

Haki itendeke pia kwa kusema kwamba si mkulima mdogo peke yake aliyeugusa msitu ule. Mashamba makubwa yalifyekwa humo tangu enzi za ukoloni, na katika miaka ya 1970 na 1980 magogo makubwa yalitolewa kwa mashine, hadi ukataji huo ulipokomeshwa. Kisha serikali ikaamua kuviunganisha vipande vya msitu vilivyobaki. Katika ukanda wa Derema, wakulima waliokuwa na iliki chini ya miti waliondolewa mashambani, mimea yao ikahesabiwa, na fidia ikalipwa. Wako waliosema fidia ile haikulingana na walichokiacha, kwa sababu shamba humpa mtu kila mwaka, na fedha huliwa mara moja. Mzee wetu ni katika hao.

Upande wa pili wa mizani kuna maji. Mto Zigi huchukua maji yake katika misitu hiyo, ukateremka hadi bwawa la Mabayani, na bwawa hilo ndilo linaloinywesha Tanga mjini. Maji tunayofungulia bombani kila alfajiri ili tutawadhe katika msikiti wetu, yametoka kwenye vilima vile. Msitu wenye udongo uliofunikwa majani hunywa mvua taratibu na kuitoa taratibu. Mlima uliovuliwa nguo huiachia mvua yote siku moja, ikiwa na matope, kisha mto hukauka kiangazi. Nimetumia maji hayo tangu nilipozaliwa, na sikuwahi kuuliza yanatoka wapi wala nani amelipa ili yafike.

Nilimwendea mzee nyumbani kwake siku ya Jumamosi baada ya Alasiri. Nilimpa shikamoo, tukaulizana hali, akaagiza kahawa. Nikamweleza niliyoyasoma, sikumficha hata yale yaliyokuwa dhidi ya kilimo cha baba yake. Nilidhani atakasirika. Alizungusha kikombe chake kwa muda.

"Ni kweli," akasema. "Kila mwaka tulikuwa tukifyeka. Nilipokuwa kijana niliona miti mikubwa tu, na chini yake iliki. Ilikuwa kama msikiti wenye wazee safu ya mbele, na nyuma hapana mtoto hata mmoja. Baba mwenyewe alikuwa akisema shamba limechoka. Lakini, Katibu, yale maji ya Tanga hatukuambiwa. Tuliambiwa tutoke."

Nikamwomba radhi kwa ukurasa niliouandika, kisha nikamwomba jambo moja: aje katika safari, na tukifika tuwakalishe watoto chini ya miti, awasimulie yeye. Hakunijibu. Alinisindikiza hadi barazani, akaniambia nimsalimie mama.

Tangu siku hiyo mpango wetu umebadilika, na sasa nauweka hapa wote, kwa faida ya wazazi wetu na kwa misikiti mingine inayofikiria safari kama hii.

Jambo la kwanza ni gari, na hapa sina budi kukiri kosa. Miaka miwili iliyopita tulijaribu safari hii hii. Tulikodi basi kubwa kwa kuwa lilikuwa rahisi kwa kila kichwa. Dereva alifika chini ya mlima, akashuka, akazitazama kona za kwanza, akagoma kupanda. Watoto walikula machungwa Muheza mpaka yakawatosha, tukarudi mjini. Mwenye basi alikataa kurudisha fedha, nami sikuwa na mkataba wa maandishi wa kumwonyesha. Wazazi walinistahi, lakini walioniuliza walikuwa na haki, kwa kuwa ile ilikuwa amana mikononi mwangu. Safari hii tumechukua mabasi madogo mawili aina ya Coaster, yenye madereva waliokwisha kupanda Amani. Tumeandikiana na mwenye magari, na malipo yatatolewa mara mbili: nusu kabla ya kuondoka, nusu tukirudi. Nakala ya mkataba imebandikwa kwenye ubao wa msikiti.

La pili ni wakati. Masika huanza Machi hadi Mei, na barabara ya kule mlimani wakati huo huteleza. Mwezi wa Juni mvua kubwa zimekwisha, na mito bado ina maji ya kupendeza macho. Hata hivyo Amani hunyesha karibu mwezi wowote, na juu huko, kiasi cha mita 900 kutoka usawa wa bahari, baridi ya asubuhi si ya Tanga. Kila mtoto aje na sweta, koti la mvua au hata mfuko mkubwa wa nailoni, na viatu vya kufunga. Soksi ndefu zitawafaa, suruali iingizwe ndani yake, kwani siafu wa msituni hawana adabu. Mama zetu wavae viatu vya kutembelea, na ndala zibaki nyumbani.

La tatu ni fedha. Hesabu yangu ya kwanza ilifika shilingi 35,000 kwa kila mtu, kwa sababu niliweka chakula cha hoteli. Mama mmoja mwenye watoto watatu, ambaye hana mtu wa kumsaidia, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ustadhi, nimchague yupi?" Swali lile lilinifanya nirudi kwenye karatasi. Kina mama wa msikiti wamekubali kupika pilau na kuifungasha, kila familia itabeba maji yake, na bei imeshuka hadi shilingi 22,000. Zaidi ya hapo, mwenye uwezo anaweza kulipia kiti cha mwenziwe. Fedha hizo anazipokea mweka hazina peke yake. Orodha ya majina itasomwa bila kutajwa nani amejilipia na nani amelipiwa, na risiti zote zitatoka kwa namna moja. Haifai mtoto ajue ndani ya gari kwamba kiti chake ni cha sadaka.

Ama kiingilio cha hifadhi na malipo ya mwongoza wageni, hayo hulipwa serikalini kwa namba ya malipo. Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na raia hulipa kiwango kilicho chini ya cha mgeni wa nje. Wapigieni kabla, muwaambie idadi ya watu wazima na ya watoto, na muwaulize viwango vya wakati huo, msitegemee alivyolipa jirani mwaka juzi. Mwongoza wageni msimkwepe ili kubana matumizi. Bila yeye mtapita chini ya kinyonga mara kumi na hamtamwona.

La nne ni sala. Nimeulizwa kama tutapunguza. Kutoka Tanga hadi Muheza ni karibu kilomita 40, na kutoka hapo hadi Amani ni kama kilomita 35. Masafa hayo hayafiki zile kilomita 80 na ushei tulizofundishwa chuoni, kwa hiyo tutaswali kamili na kwa wakati wake. Ndugu wanaotoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300, wao wana wepesi wa msafiri. Tutaondoka saa 12:30 asubuhi baada ya kuswali Alfajiri msikitini. Adhuhuri tutaiswali huko huko Amani kwa jamaa, na kila familia ije na mkeka wake. Saa 9 alasiri tutaanza kuteremka, tuswali Alasiri Muheza, na inshaallah tufike nyumbani karibu na Magharibi. Muda huu tumeukadiria kwa kulegeza, sio kwa kubana, kwa sababu dereva anayekimbizwa na saa kwenye kona za mlimani ni hatari kuliko simba tuliyemkosa.

La tano ndilo jipya, na limetokana na mzee wetu. Asubuhi yote tutakuwa msituni na bustanini. Baada ya chakula tutatembelea shamba la viungo la mkulima wa kijijini, kwa kumwomba kabla na kumlipa kwa kazi yake. Watoto wetu hunywa chai ya iliki kila siku na hawajui kwamba punje zake huzaliwa chini, kwenye mashina, karibu na udongo, na mvunaji huinama siku nzima kuzichuma moja moja. Hawajui kwamba mdalasini ni gamba la mti, na kwamba karafuu huchumwa kabla ua halijachanua. Mwenye kutaka kununua viungo atanunua pale pale kwa mkulima. Nawaomba mama zetu, ambao najua ustadi wao sokoni, siku hiyo wasipunguze bei hata shilingi mia. Tuonje iliki iliyopandwa shambani, nje ya hifadhi, tumwache mkulima nayo aone kwamba msitu uliolindwa unamletea mteja mlangoni.

Na jambo la mwisho juu ya adabu. Msituni hatung'oi ua, hatuokoti jani la kupeleka nyumbani, hatumrushii kima ndizi ili tumpige picha, na takataka zetu zote zitarudi mjini ndani ya mifuko yetu. Kila kiongozi amepewa watoto wanane wa kuwahesabu: wakipanda gari, wakishuka, na kabla ya kila sala.

Orodha ya majina itafungwa Alhamisi ijayo baada ya Isha. Mpaka leo asubuhi viti vilivyojaa ni 47 kati ya 52. Kiti cha mbele katika gari la kwanza, kando ya dereva, mahali ambapo mtu huona barabara yote ya kupandia, nimekiandika jina la mzee wetu kwa penseli. Jana baada ya Magharibi mjukuu wake alinijia ameshika kikaratasi, amelipia viti vitatu vya watoto. Nilipomuuliza habari za babu yake, akasema, "Babu anasema ametafuta fimbo yake ya zamani, ya kupandia mlima, hajaiona."

Sijaifuta penseli, wala sijaipitishia wino juu yake.

Wabillahi tawfiq.